Fundi aliyefungua vifungo kumi na kimoja mbele ya tajiri wake

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ameketi kwenye kigoda barazani, bangili ya mtu mkononi, uso umekunjwa. Haitazami bangili. Anaisikiliza.

Anasukuma ulimi wa kifungo ndani ya kijisanduku chake na kusogeza sikio. Kifungo kizima, anasema, hutoa mlio mmoja mkavu. Hiki hakitoi kitu. Anakivuta kwa ukucha wa kidole gumba, tena bila kutumia nguvu, na bangili inafunguka na kulala kwenye kitambaa cheusi alichotandika mapajani.

"Nani kakuwekea hiki?" anauliza.

Mwenye bangili ni mwalimu mstaafu aliyekuja kwa miguu, mkoba kaukumbatia kifuani. Anasema kifungo cha zamani kilikuwa kimelegea, akakipeleka duka kubwa la barabara kuu miezi mitatu iliyopita. Wakambadilishia, wakamwambia kipya ni dhahabu ileile ya bangili.

Fundi anachukua tupa ndogo na kukwaruza ubavu wa kifungo mara moja. Chini ya ngozi ya rangi ya dhahabu linatokea bati jeupe. Anampa mwalimu kioo cha kukuzia ajionee mwenyewe.

"Hii si dhahabu ileile. Hii si dhahabu yoyote. Na hela ya dhahabu wamekuchukulia."

"Na ningeidondosha je?" mwalimu anauliza taratibu. "Hii alinivalisha marehemu dada yangu."

"Ungeidondosha, ukaenda kwao unalia, wakakwambia mkono wako umepungua."

Mtaani anaitwa Bi Koleo, kwa sababu ya koleo ndogo inayoning'inia kiunoni mwake hata anapokwenda gengeni. Kazi yake ni vito: kulehemu mikufu iliyokatika, kupanua pete zilizobana, na zaidi ya yote kurekebisha vifungo vya bangili. Anaifanyia barazani kwa mama yake mzazi, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani.

Mama huyo ana miaka sabini na minane. Hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na kazi aliyojipa mwenyewe ni kupokea wateja na kuwauliza yasiyomhusu. Hasira za binti yake hazimshangazi tena.

"Tangu atoke kule dukani, huyu mwanangu angeweza kuchemsha chai kwa kuitazama tu," anasema. "Nimemwambia hasira zina presha. Kanijibu presha ninayo mimi, yeye ana sababu."

Sababu yenyewe ilianzia katika duka lilelile la barabara kuu. Bi Koleo alifanya kazi pale miaka kumi na tisa. Mbele kulikuwa na vioo, taa na wasichana wa mauzo waliovaa sare. Nyuma ya pazia zito kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, meza mbili, moto na moshi. Meza moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ya fundi mkongwe waliyemwita Mzee Tupa, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi.

Mshahara wake wa mwezi, katika mwaka wake wa kumi na tisa, ulikuwa chini ya bei ya bangili moja nyembamba iliyokaa dirishani.

"Hilo sikulilalamikia sana," anasema. "Kazi nilikuwa naipenda. Kulehemu kifungo kwenye mnyororo mwembamba ni kazi ya kubana pumzi. Moto ukizidi kidogo tu, pete za mnyororo zilizo jirani zinayeyuka, na kitu cha bibi wa mtu kimekufia mkononi. Mimi hakijawahi kunifia kitu."

Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, alianza kuleta vifungo vya pakiti katika miaka ya mwisho. Vilikuja mia kwa mia, vyepesi kama maganda ya karanga, vimepakwa rangi ya dhahabu. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na ulimi wa bati laini unaochoka baada ya wiki chache.

Mteja akileta bangili yenye kifungo kilicholegea, agizo lilikuwa moja: ng'oa cha zamani, weka cha pakiti, sugua ing'ae. Kile cha zamani, ambacho ndicho kilikuwa dhahabu, kilitupwa kwenye kopo la Tajiri. Mwisho wa mwezi kopo lilikwenda kuyeyushwa. Mteja alilipia kifungo cha dhahabu, akaacha cha kwake cha dhahabu, akaondoka na bati.

Bi Koleo alisema. Anakumbuka alisema mara tatu. Mara ya kwanza Tajiri alicheka. Mara ya pili alimwuliza kama anajua bei ya kodi ya jengo. Mara ya tatu alimwambia mlango uko wapi.

"Nikarudi mezani," anasema, na hapa sauti yake inapungua. "Nikaweka. Nisikudanganye. Siku nzima unaweza kusema mtu fulani mwizi, lakini mkono uliokuwa unalehemu ni huu."

Kisha akaja muuguzi.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka zahanati ya mtaa wa pili. Bangili yake ilikuwa ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Mama yake, mshona sare za shule, aliinunua kidogo kidogo na kumvalisha siku alipohitimu uuguzi, kisha akafariki mwaka uliofuata. Ulimi wa kifungo ulikuwa umelika kama kipande cha sabuni ya mwisho.

Siku hiyo Bi Koleo alitoka nyuma ya pazia kwenda kwa Tajiri akiwa na bangili mkononi. Alimwomba hii moja tu iwekewe kifungo cha kweli, na kijinyororo cha akiba pembeni, ili kifungo kikiachia bangili isianguke. Tajiri hakuinua macho kwenye simu yake.

"Weka cha pakiti," alisema. "Mama yake hayupo tena kuja kukagua."

Akaweka cha pakiti. Siku ya tisa muuguzi alirudi dukani na mkono mtupu.

Bangili ilikuwa imemdondoka mahali fulani kati ya nyumbani na kazini. Alikwishapita njia hiyo mara nne, akiinamia kila mfereji, akiuliza kila mfagiaji. Duka lilikuwa na wateja. Tajiri alimsikiliza kwa huruma kubwa, kisha akaita fundi wake atoke mbele.

"Huyu ndiye aliyeshika kazi yako," alimwambia muuguzi. "Ni mzembe, nimemwonya mara nyingi. Na sijui kama ni uzembe tu." Akaagiza mkoba wa fundi uletwe, akaumwaga juu ya kaunta ya kioo.

Kilichotoka ni kitana, vidonge vya presha vya mama yake, nusu mkate kwenye mfuko wa karatasi na soksi moja iliyokuwa ikingoja kushonwa. Wateja walitazama. Wasichana wa mauzo walitazama. Mzee Tupa alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Yeye alitazama tupa yake," anasema Bi Koleo. "Alikuwa anajua kila kitu ninachokijua. Kanifundisha mwenyewe namna ya kushika bomba la moto. Akaitazama tupa yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona."

Hakuna aliyemwomba radhi. Aliokota soksi, vidonge na kitana, mkate akauacha. Unga wake ulimwagika palepale. Alipofika nyumbani mama yake alimwuliza mbona mapema, naye akajibu amemaliza kazi. Hakusema ni kazi ya siku ile au ya miaka kumi na tisa.

Kwa wiki nzima hakutoka nje. Hakuwa akilia, mama yake anasema, alikuwa akisugua. Alisugua masufuria mpaka yakabadilika rangi. Siku ya nane alivaa viatu na kwenda zahanati.

Alipanga foleni kama mgonjwa. Zamu yake ilipofika, muuguzi alimtambua na kuweka kalamu chini.

"Sikuja kutibiwa," Bi Koleo alimwambia. "Nimekuja kukwambia kifungo kile nilikiweka mimi, na nilijua ni bati."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Toka," muuguzi alisema, akaita mgonjwa anayefuata.

Alirudi wiki iliyofuata, akaambiwa muuguzi hayupo, ilhali sauti yake inasikika ndani. Mara ya tatu muuguzi alimfuata hadi getini, amevua glavu.

"Unataka nini kwangu? Nikusamehe ili upate usingizi?"

"Sitaki unisamehe," Bi Koleo alijibu. "Nataka unikasirikie mimi, lakini usiishie kwangu. Yule bwana anafanya hivi kila siku. Na kila siku anayelaumiwa ni mwenye mkono."

Muuguzi mwenyewe, aliyekubali kuzungumza akiwa kwenye mapumziko yake ya mchana, anasema alilala na maneno hayo siku mbili.

"Mimi kutwa nashika mikono ya watu," anasema. "Napima mapigo, natoa damu. Nikaanza kutazama vifungo vya bangili. Mtu akikaa tu, namwuliza, mama, hiki kifungo ulikiweka wapi? Sikuamini idadi. Wenzangu wawili wa zamu moja na mimi, wote duka lilelile. Mmoja alikuwa ameifunga bangili kwa uzi mweusi kwa sababu kila akinawa inaachia, na alikuwa akijilaumu mwenyewe."

Miezi miwili baadaye, Jumamosi saa kumi jioni, wakati duka limejaa, wanawake kumi na mmoja waliingia pamoja na Bi Koleo na muuguzi. Hawakupiga kelele. Bi Koleo alitandika kitambaa chake cheusi juu ya kaunta ileile ulikomwagwa mkoba wake, na kila mmoja akalaza bangili yake juu yake, kifungo kikiwa kimefungwa.

Kisha akaanza kuzifungua kwa ukucha.

Cha kwanza kiliachia. Cha pili kiliachia. Kila kimoja alikikwaruza kwa tupa, akakiinua watu waone bati. Alipofika cha tatu alisimama kidogo. "Hiki nilikiweka mimi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Akaendelea. Kati ya vifungo kumi na kimoja, vinne vilikuwa kazi ya mkono wake, na vyote vinne alivitaja.

Mteja mmoja aliyekuwa akihesabu noti alizirudisha kwenye pochi.

"Unanivunjia biashara," Tajiri alisema. "Nakuitia polisi sasa hivi."

"Waite. Nitawasubiri kwenye kiti cha wateja," Bi Koleo alimjibu, akavuta kiti chenye mto mwekundu na kuketi. "Miaka kumi na tisa humu ndani, sijawahi kukikalia."

Polisi hawakuitwa. Tajiri alishusha sauti na kuwaomba waingie ofisini wazungumze kama watu wazima. Muuguzi alimjibu kwamba watu wazima wako palepale.

Mwishowe alikubali kuvibadilisha. Kwa siku mbili Mzee Tupa alikaa mbele, si nyuma ya pazia, akiweka vifungo kumi vya dhahabu huku wenyewe wakimsimamia. Mwenye cha kumi na kimoja alikataa kuiacha bangili yake pale hata dakika moja. Aliitoa kwenye kitambaa, akaipeleka barazani kwa Bi Koleo siku iliyofuata, na huyo akawa mteja wake wa kwanza.

Muuguzi hakuwa na bangili ya kulaza kwenye kitambaa. Tajiri alichagua moja dirishani, nene kuliko ile iliyopotea, akamsogezea.

"Nikamwambia, nipe ya mama yangu," anasimulia muuguzi. "Akasema hii ni nzito zaidi. Nikamwambia sijakuuliza uzito. Nikaiacha pale."

Bangili ya mama yake haijapatikana hadi leo. Bi Koleo alijitolea kumsokotea nyingine ya nyuzi tatu, akakataliwa pia. Hata hivyo, wanawake hao wawili wanaonana kila Alhamisi. Si marafiki, wanasema wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Muuguzi anaongeza kwamba kuna siku bado hawezi kutazama mikono ya fundi huyo. Lakini huja.

Mtu angetarajia kwamba baada ya Jumamosi ile pakiti zilikwisha. Hazikwisha. Miezi mitatu haikupita kabla bangili ya kwanza kufika barazani ikiwa na kifungo kilekile, ngozi ileile, bati lilelile. Halafu ya pili. Bi Koleo anasema siku ile ya kwanza alikishika kifungo kile mpaka kikamwacha alama kiganjani.

"Alitengeneza vile kumi kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake," anasema. "Nilipoinuka, akarudi kulekule. Alinifanya mjinga mara mbili."

Alipotafutwa kwa simu, mwenye duka alisema vifungo vyote anavyouza vina ubora unaolingana na bei, na kwamba hana muda wa majungu ya mfanyakazi aliyefukuzwa kwa uzembe. Kisha simu ikakatika. Alipopigiwa tena haikupokelewa.

Bi Koleo alikwenda ofisi inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akafunga daftari. Maneno hayatoshi, alimwambia. Lete kitu, lete risiti, lete mwenyewe wa kutia saini.

"Wengi hapo hurudi nyumbani," anasema. "Mimi nilimshukuru. Nilikuwa sijaambiwa hivyo waziwazi."

Tangu hapo kila kifungo cha bati anachokitoa hukitia kwenye bahasha pamoja na risiti ya duka. Juu ya bahasha muuguzi, mwenye mwandiko unaosomeka, huandika jina la mwenye bangili, tarehe, na nani alimpa bangili hiyo. Ndiyo kazi yao ya Alhamisi. Wasio na risiti hawaingii. Zimefika bahasha arobaini na tatu, ndani ya sanduku la viatu linalolala chini ya kitanda cha mama mzazi, ambaye anadai kwamba tangu liwekwe pale hageuki vizuri usiku.

Riziki ya barazani ni ya kubahatisha. Wiki nzuri hutengeneza bangili kumi na mbili, wiki mbaya mbili au tatu, na mvua ikipiga kwa upande inambidi ahamishie moto jikoni, kati ya masufuria. Kwa kila kazi ana masharti ambayo hayajadiliwi. Mteja anakaa na kutazama. Kifungo cha zamani kinarudi mkononi mwa mwenyewe, hata kama kimebaki vumbi. Na bangili ya marehemu hufungwa kijinyororo cha akiba bila malipo.

Mwezi ujao anahamia chumba cha kukodi mwisho wa mtaa. Mwenye nyumba amekubali kutoboa dirisha upande wa barabara, na meza itakaa chini ya dirisha hilo. Amekwishalipia miezi miwili kwa alichobana, na mama yake ametangaza kwamba kiti cha plastiki kinahama naye, maana wateja wamemzoea.

Kuna jambo moja ambalo bado hajaliamulia. Wiki mbili zilizopita Mzee Tupa alimtumia salamu kupitia jirani. Macho yake yamechoka, Tajiri anamtafutia sababu ya kumwondoa, naye yuko tayari kusema aliyoyaona nyuma ya pazia, mbele ya karani, kwa saini yake.

"Aje aseme," Bi Koleo anasema huku akipulizia moto kwenye kifungo kipya cha mwalimu mstaafu, pete za jirani zimefunikwa kwa pamba iliyolowa. "Akisema, nitaipokea salamu yake. Meza nitamtafutia. Lakini kunifundisha kazi si ruhusa ya kuniacha nivuliwe nguo mbele za watu, na hilo nitamwambia akiwa amesimama."

Anazima moto, anatumbukiza kifungo majini, anakifuta. Anakifunga karibu na sikio la mwalimu. Mlio mmoja, mkavu. Mwalimu anakunjua mkono apewe bangili yake, kisha anafungua mkoba na kutoa risiti ya dukani, imekunjwa mara nne. Hajaulizwa.

"Niandike," anasema. "Na jina la dada yangu muandike kamili."

Jumatatu, Bi Koleo na muuguzi watalibeba sanduku la viatu hadi kwa karani. Wapo wanaomwambia kwamba anataka kumfungia mtu duka, na hilo humchefua kuliko matusi.

"Duka abaki nalo," anasema. "Ninachotaka ni aitwe. Akalishwe kwenye kiti, afunguliwe bahasha moja baada ya nyingine, na kwa kila moja asomewe jina la mwenyewe na nani alimwachia. Arobaini na nne. Na asiruhusiwe kuinuka mpaka ziishe."